Wateja 41 mwaka jana, wateja 41 mwaka huu

Nimekuwa kimya miezi mingi, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeajiriwa au nimehamia Nairobi. Hapana. Bado niko Likoni, bado nafanya kazi peke yangu, na kimya chenyewe kina sababu yake. Leo nataka kuieleza.

Juzi nilikutana na rafiki niliyesoma naye chuo kikuu, tukisubiri feri. Alikuwa amekuja kuwaona wazazi wake. Tukasalimiana, tukaulizana habari, kisha likaja swali ambalo watu wa kazi yetu hawaliachi.

"Una wateja wangapi siku hizi?"

"Arobaini na mmoja."

"Na mwaka jana?"

"Arobaini na mmoja."

Alinitazama kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. "Pole sana, ndugu yangu. Tafuta mwekezaji." Feri ikashusha mlango, umati ukatusukuma, kila mmoja akaangukia upande wake. Basi haya ndiyo niliyotaka kumwambia.

Kwa wageni wa ukurasa huu: natengeneza programu ya kusimamia kodi za nyumba. Mwenye nyumba huandikisha vyumba vyake, mpangaji hulipa kwa M-Pesa, programu hujua nani amelipa na nani bado, hutuma risiti kwa SMS, na mwisho wa mwezi humpa mwenye nyumba hesabu yake. Si jambo la ajabu. Nairobi zimejaa programu za namna hii, na nyingine zinapendeza kwa sura kuliko yangu.

Lakini zile zilitengenezwa kwa nyumba za ghorofa. Ukija huku Likoni, Kisauni au Changamwe utakuta nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani nyuma. Mwenye nyumba mara nyingi si mwenye ardhi. Amejenga juu ya shamba la mtu na hulipa kodi ya ardhi, kwa hiyo hesabu yake ina kinachoingia na kinachotoka. Umeme ni mita moja ya tokeni kwa vyumba vyote, pamoja na ugomvi wa nani ana friji. Na kodi hailipwi kwa mkupuo. Mama wa chumba cha tatu atalipa mia tano leo, elfu moja Ijumaa, na iliyobaki biashara ikichangamka. Programu ya ghorofa itamwita mdaiwa sugu. Mwenye nyumba wa hapa hamwiti hivyo, maana anajua Ijumaa itafika. Hayo hayafundishwi katika shahada ya kompyuta. Niliyajua kwa sababu nimelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Timbwani mwenye nyumba mbili. Swali lake la kwanza halikuwa bei.

"Mwanangu, hiki kitu chako chapeleka habari KRA?"

Nikamwambia hakipeleki popote, mzee wangu, ila ushuru wa kodi za makazi ni wajibu wa mwenye nyumba, na huanza mtu akipokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka. (Kiwango chenyewe kilikuwa asilimia 10, kikashushwa hadi 7.5 kuanzia Januari 2024.) Tukapiga hesabu pamoja barazani: vyumba kumi na viwili, 1,800 kila kimoja, miezi kumi na miwili. Jumla 259,200. Akacheka, akasema, "Haya, nifungulie." Huyo mzee ndiye mwekezaji wangu. Mwezi ule alinipa shilingi 360, thelathini kwa kila chumba, na sijawahi kupokea pesa iliyonifurahisha zaidi.

Mtaji mwingine ulikuwa kompyuta yangu ya chuoni, seva ya kukodi ya dola chache kwa mwezi, na usiku. Mchana niliajiriwa kwenye ofisi moja kisiwani. Usiku niliandika programu. Mapato yalipofika nusu ya mshahara, niliacha kazi. Wateja wakaletana wao kwa wao, kwenye harusi, kwenye matanga, nje ya msikiti. Hadi kufika arobaini na mmoja sikulipia tangazo hata moja.

Sasa tuzungumzie mwekezaji. Sisemi kwamba mtaji wa watu ni sumu. Kuna biashara ambazo haziwezi kuanza bila huo: ukitaka magari, maghala au mitambo, mfuko wa mwalimu au wa bawabu hautoshi. Africa's Talking, ambao wengi wetu tunatumia huduma zao kutuma SMS, walianza 2010, wakaja kupata dola milioni 8.6 mwaka 2018, wakiwa tayari na huduma inayotumika. Hiyo naielewa. Lakini tumeyaona pia mengine. Kune ya kuuza chakula Nairobi ilipata dola milioni moja mwaka 2021, ikafunga Juni 2022. Sendy ilifunga 2023. Copia, iliyokusanya zaidi ya dola milioni mia moja, iliwekwa mikononi mwa wasimamizi Mei 2024. Walioendesha kampuni hizo hawakuwa wajinga. Pesa za namna ile huja na saa ukutani: lazima ukue kwa kasi fulani, ama uanguke.

Na sisi wa pwani tuna kichekesho chetu. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilitua hapa hapa Mombasa, intaneti ya nchi nzima ikapitia mlangoni mwetu. Lakini pesa za wawekezaji hupanda Nairobi, na kila kijana wa huku anayejua kuandika programu huambiwa apande nazo. Mimi nasema kuna njia nyingine, ila ina masharti yake. Sharti kubwa nililijifunza kwa aibu.

Nieleze kwanza jinsi malipo yanavyofanya kazi, maana kosa langu limo humo. Kila mteja wangu ana Paybill yake mwenyewe. Pesa huenda kwake moja kwa moja, sitaki pesa ya mtu ipite mikononi mwangu. Mimi hupokea taarifa tu, kupitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017. Mpangaji akilipa, seva yangu hupata ujumbe wenye kiasi, namba ya muamala, na kile mpangaji alichoandika kwenye sehemu ya akaunti. Hapo kwenye akaunti ndipo penye kazi. Chumba kinaitwa B07. Mmoja ataandika "b7", mwingine "B 07", mwingine "chumba cha mama Asha". Programu yangu ilijitahidi kukisia. Iliposhindwa, iliweka malipo kwenye orodha ya "hayajatambuliwa", na kila jioni mimi nikakaa, nikapiga simu, nikayapanga kwa mkono.

Nikiwa na wateja kumi, orodha hiyo ilinichukua dakika kumi. Nikiwa na wateja arobaini na mmoja, vyumba karibu 900, mwisho wa mwezi ilinichukua saa mbili au zaidi. Nilijisifu. Nilidhani huko ndiko kuhudumia wateja. Kumbe nilikuwa nimejifanya kipuri cha mashine, tena kipuri kisicho na akiba dukani.

Wiki moja nilifiwa na jamaa Msambweni. Nikaenda kuzika, nikazima simu siku mbili, kama inavyostahili. Orodha ikajaa bila mtu wa kuitazama. Tarehe sita programu ikafanya nilivyoiagiza: ikawatumia wasimamizi majina ya ambao "hawajalipa". Kule Mlaleo, Kisauni, msimamizi wa nyumba moja akachukua orodha yangu, akachukua na kufuli.

Mama aliyefungiwa alikuwa amelipa tarehe mbili. Aliandika herufi O mahali pa sifuri: BO7. Alirudi jioni na watoto wawili akakuta kufuli mlangoni, wakalala kwa jirani usiku wawili.

Niliwasha simu nikiwa njiani kurudi, nikaona. Sikupitia nyumbani. Nilivuka feri, nikapanda matatu hadi Kisauni, njia nzima nikitunga la kumwambia. Nilipofika kufuli ilikuwa imeshaondolewa. Nikaomba msamaha, nikaanza kueleza habari ya herufi na sifuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Mwanangu, mimi nililipa. Simu yangu yasema nililipa. Simu ya mwenye nyumba yasema amepokea. Sasa wewe ni nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo swali hilo ninalo. Mimi ni nani? Mwenye nyumba alinichagua. Mama yule hakunichagua. Hakutia sahihi kwangu, hajui jina la programu yangu, hanilipi hata senti, na bado nilikuwa na uwezo wa kumlaza nje na watoto wake. Nilikuwa nikihesabu wateja 41. Kumbe nilikuwa na watu zaidi ya 900 mikononi, na nilikuwa nimewahesabu wale wanaonilipa tu.

Hili ndilo neno langu la leo, na ndilo nililotaka kumwambia rafiki yangu kwenye feri: ukiwa peke yako, usipime ukuaji kwa wanaokulipa. Pima kwa wanaoweza kuumia ukilala. Kama idadi hiyo imezidi uwezo wako, kuongeza mteja mmoja ni kukopa, na anayekopwa si wewe.

Nilisimamisha kupokea wateja wapya kwa miezi minne. Haya ndiyo niliyoyafanya humo, kwa faida ya wenye kazi kama yangu.

Kwanza, niliua namba za herufi. Sasa kila chumba kina akaunti ya tarakimu tano, imeandikwa kwa rangi juu ya mlango. Tarakimu ya tano ni mlinzi. Chukua 2417: zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, jumlisha, unapata 36. Ili ifike 40 inahitaji 4, kwa hiyo akaunti ni 24174. Ukikosea tarakimu yoyote moja, jumla haigawanyiki kwa kumi. Ni hesabu ile ile iliyomo kwenye mistari myeusi ya pakiti ya sabuni dukani. Kisha niliwaombea wateja wote huduma ya kuhakiki malipo kabla hayajakamilika, ambayo haiwi wazi mpaka uiombe. Mpangaji akikosea akaunti, malipo yanakataliwa pale pale, na pesa inabaki kwenye simu yake.

Pili, nilibadilisha neno. Programu yangu haisemi tena "hajalipa". Kama kwenye Paybill ya mwenye nyumba kuna malipo yoyote yasiyotambuliwa, inasema "haijulikani, uliza kwanza", na inamwonyesha msimamizi malipo hayo ayalinganishe mwenyewe. Msimamizi anamjua mama Asha; seva haimjui. Ile orodha ya saa mbili leo inanichukua dakika chache, na siku nisipoitazama hakuna anayeumia.

Tatu, niliacha kuwa peke yangu kabisa. Kuna mwenzangu Changamwe naye ana programu yake, ya maduka ya vipuri. Tumepeana bahasha zilizofungwa: nywila, maelezo ya seva, namba za wateja, na hatua za kufuata mmoja wetu akiugua au akifa. Ndiyo, akifa. Anayeendesha biashara peke yake na hataki kulitamka neno hilo anawadanganya wateja wake. Mwezi nikisafiri namlipa shilingi 3,000 awe macho kwa niaba yangu, naye hunilipa vivyo hivyo. Kabla ya kubadilishana tuliwaarifu wateja, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata mtu mmoja mwenye seva moja na majina ya watu mia tisa.

Nne, nilipandisha bei, kutoka shilingi 30 hadi 50 kwa chumba. Hili lilinitoa jasho kuliko yote. Niliwaandikia wateja wote barua, nikaeleza kilichotokea Mlaleo bila kuficha, nikaeleza pesa ya ziada ni ya nini. Watatu waliondoka. Mzee wa Timbwani alinipigia simu. Nilidhani ananiaga, kumbe alitaka kujua mama yule alilipwa nini. Nikamwambia nimemlipia kodi ya mwezi mmoja kutoka mfukoni mwangu. "Vyema," akasema, akakata simu.

Watatu walioondoka walizibwa na watatu waliokuwa wakingoja. Kwa hiyo bado ni 41. Lakini vyumba 900 kwa 30 ni shilingi 27,000 kwa mwezi, na kwa 50 ni 45,000. Nikitoa SMS, seva na mwenzangu, kinachobaki kinanitosha Likoni, na usiku nalala. Idadi ya wateja haikusogea hata kidogo, na huu ndio mwaka biashara yangu iliokua kuliko yote.

Jiulize sasa: ningekuwa na mwekezaji, ningeipata wapi miezi minne ya kusimama? Ningemwambia nini kwenye kikao? Kwamba sipokei wateja kwa sababu ya herufi O? Pesa yako mwenyewe ni kidogo, inachelewa, na inakutesa. Lakini ina kitu kimoja ambacho pesa ya mwingine haina: inakupa ruhusa ya kusimama. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaojitegemea hatuitumii ruhusa hiyo. Tunakimbia kama tunaofukuzwa, na hakuna anayetufukuza.

Na nisijifanye kwamba kusimama hakukunigharimu. Wakala mmoja wa Chaani mwenye vyumba 300 alinitafuta katikati ya miezi ile. Theluthi nzima ya biashara yangu kwa mtu mmoja! Nilimwomba asubiri. Hakusubiri, na ana haki. Kuna siku napiga hesabu ya 300 mara 50 na nasikia uchungu. Vilevile mtu anaweza kuniambia: huoni kwamba wenye nyumba uliowakataa wanaendelea na daftari, na kwenye daftari watu hufungiwa pia? Ni kweli. Ila anayekosea kwa daftari hukosea nyumba moja. Mimi nikikosea, nakosea kwa vyumba 900 usiku mmoja.

Wengine hunitajia Mailchimp: ilianza 2001 bila mwekezaji wa nje, ikauzwa kwa Intuit mwaka 2021 kwa takriban dola bilioni 12. Mfano mzuri, lakini wanaoutaja hukumbuka hizo bilioni na kusahau miaka ishirini. Mimi sina ndoto ya bilioni. Nataka miaka kumi kutoka sasa niwe bado naijibu simu ya mzee wa Timbwani, au ya mtoto wake.

Mwezi ujao nafungua mlango kwa wateja watano, si zaidi. Mmoja wao ni mwenye nyumba wa Mlaleo, jirani wa nyumba ile ile. Nilipomuuliza nani alimwambia habari zangu, alisema ni mpangaji wake mpya, mama mmoja aliyehamia na watoto wawili. Alimwambia: kuna kijana wa Likoni, aliwahi kunikosea, akaja mwenyewe.

Nitawaeleza watano hao walivyonitendea, inshallah. Na kama nawe uko peke yako na programu yako, leo usiku kabla hujalala, hesabu. Kisha uniandikie umepata wangapi.